Mvua Zikikata: Mwongozo Kamili wa Shughuli za Nje ya Darasa kwa Sekondari za Bweni Tabora

Tabora tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba, zinasitasita katikati, zinarudi kwa nguvu Machi, na kufikia mwisho wa Aprili zinakuwa zinakata. Kuanzia hapo mpaka shule zifungwe Juni ni wiki chache tu, na kila mtu anazitaka hizo hizo: mwalimu wa michezo ana UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari), klabu zina ziara, mwalimu wa taaluma ana mitihani ya muhula, na kidato cha sita wamo ndani ya chumba cha mtihani wa taifa mwezi Mei. Shughuli nyingi za wanafunzi hufa hapo. Watu husema zimekufa kwa kukosa hela, lakini ukichunguza utakuta viongozi walianza kuandika barua ya kwanza wakati vumbi limeshaanza kutimka uwanjani.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa klabu, makapteni wa timu, viranja, na mwanafunzi yeyote anayetaka kuishi bweni vizuri zaidi ya kwenda darasani, bwaloni na kulala. Nimeuandika kwa shule za bweni za Tabora mjini, ila aliye Urambo, Nzega, Kasulu au Kigoma mjini atabadilisha majina ya mahali na kuendelea.

Hatua ya kwanza: tengeneza kalenda mwezi Februari

Chukua karatasi ya manila, chora wiki zote kuanzia Machi hadi siku ya kufunga shule, kisha anza kufuta. Unafuta kwanza siku ambazo haziwezekani, ndipo uone kilichobaki.

Futa likizo fupi ya Machi au Aprili. Futa wiki ya mitihani ya katikati ya muhula na ile ya mwisho. Halafu nenda kwa mwalimu wa taaluma umwombe ratiba ya kidato cha sita ya Baraza la Mitihani, maana mtihani ukianza shule nzima inabadilika: kengele inapigwa kwa utaratibu, spika hazifunguliwi, na madarasa yaliyo karibu na ukumbi wa mtihani yanahamishwa. Ukipanga mashindano ya kwaya kwenye wiki hiyo, hutakuwa na kwaya wala mlezi, kwa sababu walimu wengi wanakuwa na majukumu ya usimamizi hapo au shule nyingine.

Kisha weka siku za dini. Ramadhani inarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo usitumie kalenda ya mwaka jana. Mchezaji aliyefunga hawezi kukimbia mizunguko saa kumi jioni kwenye jua la Tabora. Mazoezi yake yapangwe kwa namna nyingine, au timu ianze kazi nzito baada ya Idi. Uliza pia viongozi wa vyama vya dini vya wanafunzi, yaani UKWATA, TYCS, CASFETA na TAMSYA, kama wana kongamano la mkoa muhula huo. Makongamano ya dini huchukua wanafunzi wengi kwa wikiendi nzima, na mara nyingi huwa ni wale wale waimbaji na wasemaji unaowategemea wewe.

Ukimaliza kufuta, utabaki na Jumamosi nne au tano za maana. Hizo ndizo mali yako, gawana na wenzako mapema. Viongozi wa klabu zote wakutane mara moja tu, mbele ya makamu mkuu wa shule ikiwezekana, kila mmoja aseme anataka Jumamosi ipi. Mgongano ukitokea Februari unaisha kwa maneno. Ukitokea Mei, kila klabu inakuwa imeshalipa dereva.

Hatua ya pili: chagua vichache

Mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza au cha tano hujiandikisha kila daftari linalopita bwenini: skauti, Mali Hai, wapinga rushwa, mdahalo, kwaya, kikapu. Ikifika wiki ya tatu haonekani popote. Ushauri wangu ni mchezo mmoja, klabu moja, na kikundi chako cha dini. Basi.

Darasa lako nalo lina neno. Kidato cha pili na cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, bado wana nafasi muhula wa kwanza lakini wasibebe uongozi mzito. Wa kubeba shule ni kidato cha tatu na cha tano. Kidato cha sita wakabidhi madaraka kabla ya Machi. Kiongozi anayeng'ang'ania ukatibu huku akipiga msuli wa mtihani wa taifa anaharibu vyote viwili, na klabu inakosa mtu wa kufundishwa kazi.

Hatua ya tatu: mlezi na karatasi

Hakuna klabu isiyo na mwalimu mlezi. Usimchague kwa sababu ni mpole. Mchague anayekaa kwenye nyumba za shule au karibu, kwa kuwa mambo mengi ya bweni yanatokea jioni na Jumamosi. Mwalimu anayeishi mbali na mji ana moyo sawa na wengine, ila nauli yake ya bodaboda mnaitoa wapi?

Baada ya mlezi, kila kitu kinapita kwa maandishi: mlezi, kisha mwalimu wa michezo au wa taaluma kulingana na jambo lenyewe, kisha makamu, kisha mkuu wa shule. Usiruke ngazi hata kama mkuu ni mtu wa kwenu. Barua iwe fupi. Mfano:

YAH: OMBI LA KIBALI CHA ZIARA YA MAFUNZO KWIHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Klabu ya Historia yenye wanachama 45 inaomba kibali cha kutembelea makumbusho ya Kwihara siku ya Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Tutaongozana na walimu wawili. Usafiri ni gari la shule. Chakula cha mchana tutakula shuleni baada ya kurudi. Orodha ya wanafunzi, bajeti na ridhaa ya mwalimu mlezi vimeambatishwa.

Tazama sentensi ile ya chakula. Mkuu wa shule akisoma barua, swali lake la kwanza ni watoto watakula nini na la pili ni nani atakuwa nao. Barua ikijibu hayo mawili kabla hajauliza, mara nyingi inatoka na sahihi siku hiyo hiyo. Mjulisheni pia mpishi mkuu kwa karatasi. Bwalo lisipojua kwamba watu 45 watachelewa, mtakuta sufuria za maharage zimeshaoshwa.

Peleka barua wiki tatu kabla. Kwa safari ya kutoka nje ya mkoa anza mwezi mmoja na nusu kabla, kwa sababu kibali hakiishii shuleni. Kinakwenda hadi kwa afisa elimu, na wazazi nao wanatakiwa kuridhia kwa maandishi.

Hatua ya nne: fedha

Mwanafunzi hakusanyi mchango. Hata kama ni shilingi mia tano kwa kila mtu, hata kama wote wamekubali. Shule za serikali hazitozi ada, na michango ina utaratibu wake. Ukipita bwenini na daftari unamtia mkuu wa shule matatani bila wewe kujua. Pelekeni bajeti kwa mlezi, ofisi itaamua njia.

Bajeti yenyewe iandikwe kwa mahesabu yanayoonekana. Tuseme gari la kukodi ni shilingi 180,000 na nyinyi ni 45: hiyo ni 4,000 kwa kichwa. Ongeza kiingilio, maji ya kunywa, na akiba ya dharura ya asilimia kumi. Walimu wawili wasilipie, gharama yao igawanywe kwa wanafunzi. Halafu fanyeni hesabu tena mkidhani wanafunzi kumi hawatapata hela kutoka nyumbani, maana ndivyo inavyokuwa. Kama safari inavunjika kwa kukosa watu kumi, safari hiyo ni kubwa kuliko klabu yenu.

Njia ambazo huwa zinakubalika bila maneno mengi ni kuuza mboga za bustani ya klabu kwa walimu na kwa jiko la shule, au klabu ya nyuki kuuza asali. Tabora ni mkoa wa asali, soko halitafutwi.

Hatua ya tano: michezo

UMISSETA ndiyo moyo wa kipindi hiki. Mchujo unaanzia shuleni, unakwenda kwenye halmashauri, mkoa, na kilele chake kitaifa huwa karibu na kufunga shule. Mwaka 2022 mashindano ya taifa yalifanyika hapa hapa Tabora, na wanafunzi wetu wakaona kwa macho tofauti kati ya mtoto mwenye kipaji na mtoto aliyefanya mazoezi.

Timu ya shule ichaguliwe kabla ya likizo fupi. Ukisubiri warudi, wiki mbili zinapotea kwenye mabishano ya nani acheze. Njia rahisi ni ligi ya mabweni kuanzia mwanzoni mwa Machi: mechi fupi za dakika 20 kila kipindi saa kumi jioni, bweni kwa bweni, mpira wa miguu na netiboli siku moja, wavu na kikapu siku nyingine. Mwalimu wa michezo anakaa pembeni na daftari. Mvua ikinyesha, mechi inaahirishwa. Uwanja wa udongo uliolowa ukichezewa Machi, Mei utakuwa na mashimo yaliyokauka kama sementi, na hapo ndipo vifundo vya miguu vinateguka.

Usisahau riadha, mpira wa mikono, kwaya na ngoma. Shule nyingi zinaweka nguvu zote kwenye mpira wa miguu, ambako ushindani ni mkubwa, halafu zinapeleka mrusha mkuki aliyeokotwa bwaloni asubuhi ile. Mwanafunzi mwenye bega zuri akifundishwa wiki sita anaweza kwenda mkoani kirahisi kuliko mshambuliaji wa kati.

Kitu cha kukagua wiki moja kabla ya mchujo wa halmashauri ni karatasi za usajili. Jina kwenye fomu lifanane na la cheti cha kuzaliwa na la daftari la shule, herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema Shija Masanja na fomu inasema Masanja Shija, utashangaa kumwona mchezaji wako bora amekaa kwenye benchi la mashabiki. Kila kapteni awe na bahasha yenye nakala za vyeti vya wachezaji wake, na bahasha hiyo ikae kwa mwalimu, isikae kwenye tranka.

Malaria ni mpinzani mwingine. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na madimbwi ya mwisho wa mvua ndiyo yanayozalisha mbu wa kutosha. Neti iliyotiwa dawa ifungwe kila usiku, si kukunjwa chini ya mto kwa ajili ya ukaguzi wa Jumamosi. Anayesikia homa aende zahanati apimwe; asigawiwe vidonge na jirani wa dekani (kitanda cha ghorofa), kwa sababu dozi ya dawa mseto iliyomezwa nusu haiponyi mtu. Mchezaji aliyepimwa mapema anarudi uwanjani. Aliyejikaza, mnamsindikiza hospitali.

Hatua ya sita: mdahalo

Hapa hamhitaji gari wala kiatu. Mnahitaji mada nzuri, na mada ndiyo inayoharibu midahalo mingi. "Elimu ni bora kuliko mali" imeshachosha hata viti. Chukueni jambo linalouma kwa watu wa hapa: Je, zao la tumbaku limemfaa mkulima wa Tabora kuliko asali? Je, mchoma mkaa aadhibiwe au apewe kazi nyingine? Hapo msemaji atalazimika kumuuliza baba yake anayelima tumbaku, au kwenda maktaba, badala ya kukariri methali.

Utaratibu: wasemaji wanne kila upande, dakika tano kwa msemaji mkuu na tatu kwa wengine, kisha ukumbi uchangie kwa dakika 20. Mtunza muda akae mbele na kengele. Agonge mara moja dakika ikibaki moja, mara mbili muda ukiisha, na baada ya hapo mwenyekiti amkatize hata kama ni kaka mkuu. Lugha itangazwe mapema. Mdahalo wa Kiingereza unasaidia darasani, lakini wekeni na wa Kiswahili, mtashangaa jinsi wanyamavu wanavyoamka.

Waamuzi watoe alama kwa hoja, ushahidi, kujibu upande wa pili, na usemaji. Kujibu upande wa pili kupewe uzito kuliko vyote. Na jambo moja linalonikera: kila msemaji kufungua kwa nukuu ya Mwalimu Nyerere kwa sababu tu alisoma Tabora Boys na akaja kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini. Ukimtaja, hakikisha alisema hivyo, na useme inahusianaje na tumbaku.

Hatua ya saba: ziara

Anzeni karibu. Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini, kuna tembe (nyumba ya udongo ya paa bapa) lililojengwa upya mahali alipokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, kumkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley akaendelea pwani. Livingstone akabaki hapo miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Ziara itakuwa na maana kama mnakwenda na maswali ya upande wetu: misafara hiyo ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, walilipwa nini? Pembe za ndovu zilipita wapi, na watumwa? Gawaneni watu watano watano, kila kundi swali moja, kila kundi liandike ukurasa mmoja kabla ya kulala siku hiyo hiyo. Kesho yake mtu anakumbuka soda tu.

Ziara ya pili ninayoipenda kuliko zote haijulikani sana na wanafunzi: Chuo cha Ufugaji Nyuki, hapo hapo Tabora. Kwa klabu ya biolojia au ya mazingira ni darasa la vitendo: mzinga wa kienyeji wa gome dhidi ya mzinga wa fremu, namna ya kutumia bomba la moshi, kwa nini msitu wa miombo ukikatwa asali inapungua. Andikeni barua ya kuomba miadi, ulizeni mapema kama kuna wanafunzi wenye mzio wa kuumwa na nyuki na muwaache wasikaribie mizinga. Manukato na mafuta yenye harufu kali yaachwe bwenini siku hiyo.

Sasa Kigoma. Kila klabu inaiota, na si ajabu: treni inaondoka stesheni yetu wenyewe, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa zaidi ya kilomita 400. Ujiji kuna kumbukumbu ya Livingstone, ziwani kuna historia ya Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa tena. Na kuna Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Klabu za Roots & Shoots zilizoko kwenye shule nyingi zilianzishwa na yeye mwaka 1991 akiwa na wanafunzi wa Dar es Salaam.

Lakini Kigoma si ziara ya siku moja, na kwa maoni yangu si ziara ya muhula huu isipokuwa mmeanza kuipanga mwaka uliopita. Mnahitaji malazi kwenye shule mwenyeji, mwalimu wa kiume na wa kike, ratiba ya treni iliyothibitishwa na stesheni na siku moja ya ziada treni ikichelewa. Gombe inafikiwa kwa boti, kwa hiyo majaketi ya kuokolea yahesabiwe kabla ya kupanda: hesabu ni jaketi moja kwa kichwa kimoja, na yakipungua mawili, boti haiondoki. Ulizeni hifadhini viingilio vya wanafunzi na masharti ya umri kabla hamjamwahidi mtu yeyote. Ujiji na bandari peke yake zinatosha kabisa kwa klabu isiyo na fedha za boti.

Hatua ya nane: bustani, siyo miti

Kila Aprili kuna klabu inapanda miti, inapiga picha, na Agosti miche yote ni vijiti. Hapa kwetu mche unapandwa mvua zinapoanza, Novemba na Desemba, upate miezi minne ya kushika mizizi. Mwezi Mei kazi ya klabu ya mazingira ni kitalu: jaza udongo kwenye viriba (vifuko vya miche), sia mbegu, weka kivuli cha nyasi, mwagilia. Miche itakuwa tayari mvua zikirudi.

Mboga ndizo za msimu huu. Mchicha unavunwa ndani ya wiki nne, matembele yanakatwa na kuchipua tena. Chagua eneo lililo karibu na bomba au kisima, kwa sababu mwenye zamu ya kumwagilia asubuhi akiambiwa abebe ndoo mbali, atamwagilia mstari wa kwanza tu.

Mahafali na kukabidhi

Mahafali ya kidato cha sita hufanyika kabla ya mtihani wao, na watakaofanya kazi ni nyinyi wa chini. Sitayaeleza sana, kila shule ina desturi yake. Risala tu isizidi kurasa mbili, isomwe na mtu aliyeisoma kwa sauti mara kadhaa kabla, na maombi kwa mgeni rasmi yawe mawili. Akiombwa vitu kumi atatoa ahadi kumi.

Wiki moja kabla ya kufunga shule, katibu aandike ripoti ya ukurasa mmoja: tulichopanga, tulichofanya, fedha iliyoingia na kutoka pamoja na risiti, vifaa vilivyopo. Mipira ihesabiwe, jezi zifuliwe na kukaushwa kabla ya kukunjwa, kengele ya mdahalo irudi kwa mlezi. Sweta nazo mziweke juu kwenye begi, usiku wa Juni kwenye stendi na stesheni una baridi. Ripoti iingie ofisini mapema wiki hiyo, kwa sababu siku yenyewe ya kufunga, kuanzia alfajiri, mlango wa ofisi unakuwa umejaa wazazi, watu wanaodai ruhusa, na walioishiwa nauli.